Simu ya mkulima ni kitochi. Mbona programu za kilimo tunazijengea simu ambayo hana?

#1 MamaPembejeo (Mbagala Rangi Tatu)

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la pembejeo hapa Rangi Tatu, upande wa magari ya Mkuranga. Wateja wangu wanatoka Vikindu, Mkuranga, Kisiju, na wengine Kigamboni ya ndani. Wanalima muhogo, bamia, nyanya chungu, matikiti msimu wake ukifika, na wenye umri mkubwa wana mikorosho na minazi ya urithi. Heka moja, heka mbili, wachache wana tano. Hao ndio ninaowazungumzia ninaposema mkulima mdogo.

Hapa mjini ukigeuka huku kuna semina ya kilimo cha kidijitali, ukigeuka kule kuna shindano la vijana wa programu. Sipingi hata kidogo, mimi mwenyewe simu iko mkononi kutwa nzima. Ila nikilinganisha yanayosemwa huko na ninayoyaona kwenye kaunta, naona mkulima anayezungumziwa mimi simjui.

Mteja wangu wa kawaida ana kitochi. Kuchaji analipia kwenye kibanda chenye sola, kwa hiyo mchana anaizima ili betri imfikishe usiku. Anajua kupiga, kupokea, kubipu, kutuma na kutoa pesa. Meseji anasoma ikiwa fupi na miwani ikiwepo. Bando la intaneti analisikia kwa wajukuu.

Na hiyo simu tusiidharau. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikawa imefika kwetu, na ilipita kwenye vitochi hivyohivyo. Hakuna aliyeambiwa anunue simu nyingine kwanza. Ilikuwa menyu ya Kiswahili na namba chache za kubonyeza, halafu pale dukani kwa jirani yupo wakala. Huyo wakala ndiye ninayetaka tumfikirie sana. Mtu akikwama anamkabidhi simu, anaonyeshwa, anarudi kwake ameshajua. Bila mawakala, menyu peke yake isingefika Kisiju.

Sasa niwape kisa cha juzi. Amekuja mzee mmoja, mteja wa siku nyingi. Kafungua gazeti juu ya kaunta, ndani kuna majani ya muhogo yameshaanza kujikunja kwa safari. Pembeni kaweka kitochi chake, mfuniko wa betri umeshikiliwa na mpira wa manati. Ananiambia, "Mwanangu, hawa watu wa kilimo wananitumia meseji, nisomee huenda wameshanijibu." Nikafungua. Sanduku limejaa ofa za bando na bahati nasibu. Meseji ya kilimo ipo moja, imekatika katikati ya sentensi, kipande cha pili hakikuingia. Na ilikuwa inahusu viwavijeshi wa mahindi. Mzee hana mahindi.

Majani yake yalikuwa na umanjano unaofuata mishipa. Nikachukua simu yangu nikafungua Nuru, ile programu ya magonjwa ya muhogo inayosoma jani kwa kamera na kufanya kazi hata bila intaneti. Jani moja ikasema ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, jani lingine haikuona kitu. Kwa hiyo tukampigia kijana wake aliyeko shambani. Nikamwambia ang'oe shina moja, akate kiazi katikati, anieleze anachokiona. Akasema ndani kuna madoa ya kahawia, makavu, kama kizibo. Hapo hapakuwa na ubishi tena.

Michirizi ya kahawia ni virusi. Haina dawa ya kunyunyizia. Inaenezwa na inzi weupe, na sisi wenyewe tunaieneza kwa kupeana pingili za kupandia kutoka shamba bovu kwenda shamba zima. Mzee alikuja na pesa ya dawa mfukoni, nikamwambia airudishe nyumbani, atafute pingili safi za mbegu inayovumilia. Tukazungumza habari za mbegu iitwayo Kiroba na wapi pa kuulizia.

Tazameni kilichofanya kazi pale. Programu moja nzuri kwenye simu yangu mimi, simu moja ya kawaida ya dakika tatu, na mtu anayejua aulize nini. Meseji alizokuwa anatumiwa hazikumfaa, na namba ya kuwarudishia swali haikuwepo.

Msimamo wangu ni huu: chombo cha kumsaidia mkulima mdogo kianzie kwenye simu aliyonayo, kitumie sauti, kiwe na mtu wa karibu wa kumalizia kazi, na mkulima aweze kuuliza. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona limesahaulika kuliko yote.

Karibuni wadau. Wataalamu wa mifumo, mabwana shamba, wakulima wenyewe, madalali pia.

#2 Rufiji_Kwetu

Nafuatilia uzi huu. Baba yangu yuko Ikwiriri na hali ni hiyohiyo.

#3 BwanaShamba_K

Mama, heshima kwako. Mimi ni afisa ugani, Kisarawe. Uliyoyaona kwenye yale majani yana maelezo yake, na ni muhimu watu wayajue ili wasije wakaitupa Nuru.

Nuru ilitengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki. Sehemu ya picha za mwanzo zilizoifundisha zilipigwa hapa kwetu, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA nje ya Bagamoyo. Utafiti uliotoka mwaka 2020 uliipima pamoja na watu. Kwa jani mojamoja ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani tulikuwa kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini ukiipa majani sita ya mmea uleule inapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hiyo majani mawili matatu yaliyosafiri ndani ya gazeti hayatoshi. Ndiyo maana ulipomwambia kijana akate kiazi ulifanya jambo sahihi kabisa. Dalili za michirizi kwenye majani huwa hafifu, hasa yale ya juu. Mtu anaweza kuona shamba la kijani akafurahi, siku ya kuvuna anakuta muhogo haulikwi.

Nakubaliana nawe kuhusu mtu wa karibu. Kata yangu ni kubwa, wakulima ni wengi, na mafuta ya pikipiki yana mwisho wake. Simu yenye Nuru ikiwa moja kwa kijiji, mikononi mwa kijana anayeaminika, inanipunguzia safari nyingi. Si lazima kila kaya iwe nayo.

Na redio jamani, mbona hamuitaji? Farm Radio International, shirika lililoanzia Kanada mwaka 1979, limefanya kazi na vituo vya redio hapa nchini kwa njia ninayoipenda. Kipindi kinarushwa, mtangazaji anauliza swali, msikilizaji anajibu kwa kubipu. Ukibipu namba hii umesema ndiyo, ukibipu ile umesema hapana. Hukatwi senti. Kipindi cha wiki inayofuata kinafuata walichosema wasikilizaji. Hiyo ndiyo namna ya kumfanya mkulima aulize na asikike kwa simu isiyo na salio.

#4 Fundi_Kijitonyama

Mama Pembejeo, asante kwa uzi. Natengeneza mifumo, na rafiki zangu wengi ndio hao wa mashindano. Nieleze kwa nini mambo yako hivyo, maana wengi wetu tunawapenda hao wakulima kwa dhati, ni wazazi wetu.

Programu ya simu janja mtu mmoja anaweza kuianza leo usiku chumbani kwake. Menyu ya nyota na reli, kama ile ya M-Pesa, haiko hivyo. Unahitaji namba kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu unakwenda mtandao mmoja hadi mwingine kutafuta mkataba, na kila mmoja una masharti yake na gharama zake. Kijana asiye na mtaji anaishia njiani. Na majaji wa mashindano wanataka kitu cha kuonyesha ukutani, chenye ramani na picha. Sauti ya mtu anayejibu swali la muhogo haipendezi ukutani.

Pia kuna vipimo. Meseji moja ni herufi 160. Ukizidisha inagawanywa vipande, na simu yenye sanduku lililojaa inapokea kimoja na kukosa kingine, ndicho kilichompata mzee wako. Ukurasa mmoja wa menyu ni herufi 182. Kiswahili chetu kina maneno marefu; sentensi ya ushauri iliyo kamili, yenye kipimo cha dawa na tahadhari, haienei. Watu wanaanza kukata maneno, wanaondoa tahadhari, inabaki amri tupu. Na menyu mtu akichelewa kubonyeza inakatika, anaanza upya. Mzee wa miaka sabini anakatikiwa mara mbili, hairudii tena maishani.

Ndiyo maana nakuunga mkono kuhusu sauti. Mkulima anabipu, mfumo unampigia, anasikia: kwa muhogo bonyeza moja, kwa korosho bonyeza mbili, kuacha swali bonyeza tatu. Anasema swali lake kwa maneno yake. Mtaalamu anasikiliza jioni, anarekodi jibu, mfumo unampigia mkulima. Kiufundi hili si gumu. Ugumu ni dakika za kupiga zinalipwa na nani.

Mifano ya waliofanikiwa kwa simu ndogo ipo. Kenya kuna iCow ya Su Kahumbu, iliyoshinda shindano la programu la Apps4Africa mwaka 2010. Ilianza na jambo moja tu: unasajili tarehe ng'ombe alipopandwa, unapokea ujumbe wa nini cha kufanya kila hatua ya mimba. Ujumbe unamhusu ng'ombe wako wewe, kwa siku yake. Linganisha na kumtumia mkulima wa muhogo habari za viwavijeshi wa mahindi.

#5 Mlimani_Msomi

Mada nzuri. Naomba niongeze upande wa bei, maana ushauri wa shambani ni nusu ya safari.

Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Kati ya mwaka 1997 na 2001 minara ya simu ilienea kwenye pwani ile. Kabla ya hapo bandari moja samaki walimwagwa kwa kukosa mnunuzi na bandari ya jirani hawapatikani. Simu zilipofika, mvuvi akiwa bado majini anapiga kuulizia bei. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na kumwaga samaki kukaisha. Jenny Aker naye alikuta Niger kwamba simu zilipunguza tofauti ya bei ya nafaka kati ya soko na soko kwa asilimia 10 hadi 16.

Kumbukeni hapo hapakuwa na programu yoyote ya kilimo. Ilikuwa simu ya kawaida na watu wawili wanaozungumza. Kwa hiyo nauliza: kwa nini tusiweke nguvu kwenye kumfikishia mkulima bei za masoko ya Tandale, Mabibo na Ilala kila asubuhi?

#6 Dalali_Tandale

Mkuu Msomi, nimekusoma vizuri. Mimi nipo Tandale, mahindi na mchele. Watu wakisikia dalali wanamfikiria mwizi, lakini nisikilizeni maana jambo hili nalijua kwa mikono.

Mvuvi wako wa Kerala ana chombo chake na samaki wake wamo ndani. Akisikia bandari ya pili ina bei anageuza usukani. Mkulima wa Ifakara mwenye magunia kumi hana lori. Hata ukimwambia Tandale bei imepanda asubuhi ya leo, atapanda nini aje? Anayekuja na lori ni mnunuzi, na mnunuzi tayari bei anaijua, maana kanipigia kabla hajatoka.

La pili, bei ya nini? Meseji inasema gunia. Gunia gani? Sheria ya vipimo inasema mzigo wa mazao usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanahangaika nayo miaka yote, lakini shambani bado wanafungasha lumbesa. Kile kilemba cha juu kilichoshonewa kamba ni mzigo mzima wa ziada ambao mkulima halipwi. Nyanya nazo zinakwenda kwa tenga, na matenga hayafanani. Ukimpa mkulima bei kwa gunia bila kumpa mzani, umempa namba ambayo mnunuzi anaizunguka kwa sindano na kamba.

La tatu ndilo zito. Wakulima wengi wameshakula pesa ya mnunuzi tangu wakati wa palizi. Mtoto aliugua au ada ilitakiwa, mnunuzi akatoa. Mavuno yakija mkulima hana uhuru wa kuchagua soko, hata awe na simu tano.

Kwa hiyo mimi nasema mzani kwanza. Kikundi kikiwa na mzani wa kidijitali na ghala, kikauza kwa kilo na kwa pamoja, hapo bei ya kwenye simu inakuwa na maana. Ufuta na korosho vinaelekea huko kupitia stakabadhi ghalani, vyama vya msingi vya ushirika vinakusanya na mnada unafanyika mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, kila mtu anaona bei iliyopatikana. Mahindi na mboga bado.

#7 Mlimani_Msomi

Dalali, umeongea hoja za nguvu. Kerala chombo kilikuwa sehemu ya jibu na sisi wasomaji tunakariri simu peke yake. Hili la mzani na mkopo wa palizi naondoka nalo.

#8 Dada_Vikindu

Naomba na mimi niseme, mimi ni mkulima hasa, bamia na muhogo, heka moja na nusu. Naandika kwa simu ya shemeji yangu.

Mnasema simu ya mkulima. Kwetu simu ni ya baba watoto. Yeye yuko Kariakoo anabeba mizigo, anarudi Jumapili. Shamba nalima mimi. Ulikuja mpango mmoja kijijini wa kusajili wakulima, wakaandika jina lake na namba yake kwa sababu ndiye mkuu wa kaya. Ushauri unakwenda Kariakoo. Anakuja kunieleza Jumapili kama amekumbuka, na wakati wa kunyunyizia umeshapita.

Mama yangu naye laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika mwisho Januari 2020, yeye namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, alikuwa hajapata. Kwenye mfumo mama hayupo. Yupo kaka, ambaye ni fundi gereji.

Nawaomba wataalamu mkija kusajili muulize nani anashika jembe. Swali hilo moja tu. Na msiseme wanawake hawapendi teknolojia. Kwenye kikoba chetu mahesabu yote mwenyekiti anapiga kwa simu na hakuna shilingi iliyowahi kupotea.

#9 BwanaShamba_K

Dada Vikindu, umenigusa, na unanikumbusha jambo lililofanyika jirani kabisa na sisi, Chambezi, Bagamoyo. Mwaka 2011 ulianza mradi ulioitwa Sauti ya Wakulima. Wanaume watano na wanawake watano, simu janja mbili tu za kupokezana. Aliye na simu wiki hiyo anapiga picha na kurekodi sauti yake: mimea iliyougua, njia ya mwenzake ya kuhifadhi mbegu, mvua ilivyochelewa, hata mahojiano na mkulima wa kijiji cha jirani. Jumatatu wanakutana kituo cha kilimo, wanafungua kompyuta, wanatazama na kusikiliza yote kwa pamoja, halafu simu zinakwenda kwa wengine.

Aliyeubuni ni msanii wa Mexico, Eugenio Tisselli, akiwa na watafiti. Mimi ninachokipenda ni kwamba maarifa yalitoka kwa wakulima kwenda kwa wakulima, na mwanamke aliyekuwa na simu wiki hiyo ndiye aliyekuwa mwandishi. Hakuna aliyemngoja mumewe arudi.

India nako Digital Green, iliyoanza mwaka 2006 ndani ya maabara ya Microsoft ya Bangalore, ilikwenda njia inayokaribiana na hiyo. Wanarekodi video fupi za wakulima wa eneo lilelile, wanazionyesha jioni kijijini kwa projekta ndogo ya betri, na yupo mtu wa kusimamisha video na kuuliza maswali. Mkulima akimwona jirani yake anavyofanya, kwa lahaja yake na kwa jembe kama lake, anaamini.

#10 Mdau_Kinyerezi

Sawa, lakini kuna jambo mnalipita. Mama Pembejeo, samahani nikuulize waziwazi. Wewe unauza dawa. Ushauri ukipita kwako, mkulima atajuaje kuwa humwelekezi kwenye rafu yako?

Na hizi huduma za bure vilevile. Kampuni inachukua jina, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake, umelima nini, unadaiwa nini. Kesho hizo taarifa ziko kwa mkopeshaji au kwa muuza mbolea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Mkulima ana haki ya kujua taarifa zake zinakwenda wapi. Nani amewahi kumsomea hayo kwa Kiswahili anachokielewa kabla hajabonyeza moja kukubali?

#11 MamaPembejeo

Mdau, swali lako ni la haki na hukunikosea.

Duka linaishi kwa kuuza, siwezi kusema vinginevyo. Ndiyo maana nataka jibu la mtaalamu lisitoke kwangu. Liwe limerekodiwa na watu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, au afisa ugani wa kata, mkulima alisikie kwa sikio lake, hata kama anasikilizia kwenye kaunta yangu. Dawa ikitajwa itajwe kwa kiambato chake, siyo kwa jina la kampuni. Hapo atachagua duka lolote.

Mfano ambao tayari nauona ukifanya kazi ni lebo kwenye mbegu ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mteja anakwangua, anaingiza namba kwenye menyu, anajibiwa kama mbegu ni halali. Inafanya kazi kwa kitochi. Ninawaambia wakwangue hapahapa mbele yangu kabla hawajalipa. Kina mama wengine sasa wanakuja na shilingi mkononi tayari kwa kukwangua, hata sijasema neno. Kitu hicho kimempa mkulima nguvu dhidi yangu mimi muuzaji, na napenda iwe hivyo, kwa sababu mbegu feki zinaua maduka ya waaminifu.

Taarifa binafsi naunga mkono kabisa. Kwa swali la muhogo, mfumo unahitaji nini zaidi ya namba ya simu na kata? Jina la kitambulisho la nini? Tusikusanye kitu kwa sababu tu fomu ina nafasi.

Na kuhusu gharama, wakuu, hapo tusijidanganye. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 wateja wangu wengi walirudi kubeba pesa taslimu, wengine wamezifunga kwenye khanga, na serikali yenyewe ikaipunguza kwa asilimia 30 mwaka uleule. Mkulima anapima kila shilingi. Huduma ya kumkata salio ili aambiwe mvua itanyesha hataigusa.

#12 Kigamboni_Matikiti

Kuhusu mvua naomba mlitilie uzito. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa mwelekeo wa masika na vuli, na kazi yao naiheshimu. Ila taarifa ikitufikia inasema mikoa: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Morogoro. Mimi nilitaka kujua wiki hii nipande au nisubiri. Kenya mwaka 2009 walianza Kilimo Salama, bima iliyofungwa kwenye vituo vidogo vya hali ya hewa vilivyo karibu na mashamba. Mvua ilipokosekana kwenye kituo chako, fidia iliingia kwa M-Pesa, hapakuwa na mtu wa kuja kukagua shamba. Vituo vya karibu ndiyo msingi. Hilo haliwezi kufanywa na vijana wa programu, linahitaji vyuma vilivyosimama ardhini na mtu wa kuvitunza.

#13 Fundi_Kijitonyama

Nimesoma yote, na nimebadilisha mchoro niliokuwa nao. Napendekeza tujaribu kitu kidogo tu: zao moja, muhogo, wilaya ya Mkuranga. Laini ya sauti. Mkulima anabipu, anapigiwa, anaacha swali. BwanaShamba na wenzake wanajibu. Mama Pembejeo na maduka mengine mawili matatu wanakuwa kama mawakala, wana simu yenye Nuru kwa ajili ya majani sita, na wanamsaidia anayekwama. Majibu yote yanahifadhiwa, swali likijirudia mfumo unatoa jibu lililopo palepale. Seva ninayo, dakika za kupiga tutafute mfadhili wa msimu mmoja, na kabla ya msimu kuisha tujue nani atalipa unaofuata. Vyama vya msingi, halmashauri, sijui, ila wanaofaidika na mkulima wote wachangie. Jibu la hilo lisipopatikana, heri tusianze, maana kumzoesha mkulima huduma halafu ikazimwa ni kumwumiza.

Usajili: namba na kata, basi. Tukianza mwezi ujao tunaiwahi vuli.

#14 Dalali_Tandale

Weka na sehemu ya bei ya muhogo kwa kilo. Usiandike kwa kiroba. Namba za asubuhi nitakupa mimi, na mwenzangu wa Mabibo nitamwomba atoe zake mlinganishe, msinitegemee mimi peke yangu.

#15 BwanaShamba_K

Kujibu nipo, na nina wenzangu wawili Mkuranga nitawashawishi. Lakini pingili safi? Tukimwambia mtu shamba lake lina virusi halafu hana pa kupata mbegu, tumempa huzuni tu. Nitaulizia TARI Kibaha na vikundi vinavyozalisha pingili zilizokaguliwa, tuwe na orodha ya kata kwa kata kabla laini haijafunguliwa.

#16 Dada_Vikindu

Nimefurahi sana. Nina swali kwa kaka Fundi. Huo mfumo ukinipigia kunipa jibu, utanipigia saa ngapi? Mchana simu imezimwa au iko kwa mtu mwingine. Kikundi chetu tumekubaliana kununua kitochi kimoja cha wanawake, kitakaa kwa katibu, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku kinakuwa wazi na yeyote mwenye swali anakwenda pale.

#17 Fundi_Kijitonyama

Dada, nilikuwa nimepanga majibu yatoke saa nne asubuhi, muda ambao wataalamu wako ofisini. Naubadilisha. Simu zote zitoke saa moja usiku, isipopokelewa irudie saa mbili. Na kwa kuwa namba moja itakuwa na watu wengi, kila anayeuliza ataanza kwa kusema jina analotaka kuitwa, na jibu litaanza na jina hilo. Nitumie ujumbe wa faragha kikundi kina wanachama wangapi, nijue nafasi ya kuhifadhi maswali.

#18 Dada_Vikindu

Nimetuma. Na wenye namba za waume zao wasifutwe, waongezewe hii ya kikundi.